Kabla ya Uhuru na Mengi

Ndugu yangu, umeuliza kama kabla ya Mzee Reginald Mengi, mfanyabiashara aliyemiliki gazeti la Nipashe, kuna Mwafrika yeyote aliyemiliki gazeti hapa Dar. Yupo, na inaniuma kwamba jina lake halitajwi: Erica Fiah.

Alikuwa Muganda aliyehamia huku, akawa mwenye duka. Mwaka 1934 alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, kwa sababu biashara ya mjini ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Mwaka 1937 akatoa Kwetu, gazeti la Kiswahili. Fikiria mazingira yenyewe: gazeti la Kiswahili lililokuwa likisomwa sana wakati huo ni Mambo Leo, na hilo ni la serikali ya kikoloni tangu 1923. Yeye mwenye duka akathubutu kuweka pembeni yake sauti nyingine! Mhariri ni yeye, mwenye mali ni yeye.

Magazeti ya harakati za uhuru yalikuja baadaye, kama Mwafrika, ambalo wahariri wake wawili walifungwa mwaka 1958 kwa kosa la uchochezi. Mengi na Nipashe ni zama za vyama vingi kabisa, matangazo ya biashara yapo, mitambo ipo. Fiah hakuwa na hayo. Kwangu mimi ndiye anayestahili kutajwa kwanza, na ningefurahi sana kuona mtaa mmoja Kariakoo unaitwa kwa jina lake.