Kwa mnaoanza kuandika wasifu wa wahitimu na wahadhiri

Kazi ya kuandika habari za wahitimu na wanataaluma wa chuo kikuu huonekana nyepesi kwa anayeianza, kwa kuwa mhusika huwa amekwisha kutuma maelezo yake binafsi, ofisi ya msajili inazo kumbukumbu za masomo yake, na picha ipo tayari. Ndiyo maana makala nyingi za namna hii zinafanana: mtu alizaliwa, akasoma, akahitimu, akateuliwa, akatunukiwa, na msomaji anapofika mwisho bado hawezi kusema mtu huyo hufanya nini hasa anapoingia kazini asubuhi. Katika miaka niliyoifanya kazi hii nimejifunza kwamba kinachokosekana karibu kila mara ni miaka ya katikati, yaani ule muda baada ya shahada na kabla ya sifa, ambao mhusika mwenyewe huuruka kwa sentensi moja kwa sababu anadhani hauna la kusimulia.

Chukueni mfano wa Wangari Maathai. Orodha ya heshima zake inajulikana: shahada ya uzamivu jijini Nairobi mwaka 1971, Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la kupanda miti mwaka 1977, Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Anayesoma orodha hiyo peke yake hataelewa mtaalamu wa anatomia ya mifugo, aliyeandika tasnifu kuhusu ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe, alifikaje kwenye kupanda miti. Jibu limo katika kazi ya kila siku ambayo haipewi tuzo. Alipokuwa akikusanya kupe kwenye ng'ombe nje ya jiji kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, aliona mito imegeuka rangi kwa udongo uliochukuliwa na mvua, na mifugo imekonda kwa kukosa malisho, akatambua kwamba hatari iliyokuwa ikiwakabili ng'ombe wale ilikuwa kubwa kuliko kupe: ardhi yenyewe ilikuwa ikipoteza miti inayoishika. Mwandishi anayeanza angeianza makala na Nobel. Mimi ningeianza na kupe.

Miaka ya katikati wakati mwingine ni migumu, na hapo ndipo waandishi wengi huogopa. Mwanabiokemia Katalin Karikó alishushwa cheo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1995, kwa kuwa utafiti wake wa RNA, molekuli zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, haukuwa ukivutia fedha. Baadaye alikutana na Drew Weissman, mtafiti wa kinga ya mwili, kwenye mashine ya kudurufu, ambako wote wawili walizoea kutoa nakala za makala za majarida, wakaanza kufanya kazi pamoja, na mwaka 2005 wakachapisha ugunduzi wa namna ya kuibadilisha RNA ili mwili usiipokee kama adui. Chanjo za UVIKO-19 zilizotegemea ugunduzi huo zilianza kutolewa mwaka 2020, na tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2023. Anayeandika kwa niaba ya chuo hupata kishawishi cha kuifuta habari ya mwaka 1995 ili kulinda jina la taasisi. Msiifute pale ambapo mhusika ameisema hadharani au ameridhia isemwe, maana bila habari hiyo, subira ya miaka yote iliyofuata haina maana yoyote kwa msomaji.

Kabla ya kwenda kumhoji mhadhiri, someni tasnifu yake, na mwanzie ukurasa wa shukrani. Huko ndiko mnakokuta jina la fundi sanifu aliyeitunza mitambo ya maabara, mkutubi aliyetafuta jarida lisilopatikana, wafugaji waliokubali mifugo yao ipimwe, na ndugu aliyelea watoto mtafiti alipokuwa safarini. Kutoka shukrani nendeni kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kisha kwenye sura ya mbinu za utafiti, ambayo ndiyo inayowapa maswali mazuri. Ukimuuliza mtafiti utafiti wake unahusu nini, atakupa sentensi ileile aliyoiandika kwenye maombi ya ufadhili. Ukimuuliza kwa nini alichukua sampuli wakati wa kiangazi badala ya masika, atavuta kiti na kuanza kusimulia. Ombeni pia kuona anapofanyia kazi. Daftari la maabara lenye kurasa zilizokatwa kwa mistari myekundu, au ramani yenye pini mahali ambapo gari halikuweza kupita, hueleza zaidi ya saa nzima ya mazungumzo ofisini. (Mkipewa chai, kunyweni; mazungumzo ya maana huanza mkishafunga madaftari.)

Kuweni waangalifu sana na neno "amethibitisha". Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu, aliouingiza kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza sababu ya jambo hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni kwao, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu jambo hilo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na kuahidi kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu sababu, na wengine hata kuhusu kuwapo kwa jambo lenyewe. Mwandishi makini ataandika kwamba waliona, walipima na walichapisha, na mabishano atayaacha yaonekane. Mimi huyahesabu kuwa sehemu bora ya habari.

Habari hiyo inaonyesha pia kwa nini majina ya taasisi yanahitaji kuhakikiwa. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilijitegemea mwaka 1970. Andikeni jina lililokuwapo wakati wa tukio. Vilevile mwaka wa kumaliza masomo na mwaka wa mahafali huweza kutofautiana, na vyeo navyo havilingani kutoka nchi hadi nchi: Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, alikuwa bado profesa mshiriki, cheo kilicho chini ya profesa kamili, alipopata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018, kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1985 akiwa mwanafunzi wa uzamivu.

Kuhusu nani wa kuandikwa, orodha zinazotoka ofisini huwa na mawaziri, wakurugenzi na washindi wa tuzo. Ombeni nafasi ya wengine: mwalimu wa hisabati aliyefundisha shule moja hadi akastaafu, mwanakemia aliyeishia kuendesha maabara ya kupima maji, mtu aliyeacha uzamivu katikati na anaweza kueleza bila uchungu kwa nini aliuacha. Watu hawa hukataa mwanzoni wakisema hawana la kusema. Warudieni baada ya muda, mkiwa na swali moja mahususi.

Rasimu ikikamilika, mpelekeeni mhusika aya zinazoeleza utafiti wake ili asahihishe makosa ya kitaalamu, lakini msimpe makala nzima kuihariri, kwa sababu atairudisha ikiwa orodha ya heshima. Hifadhini sauti ya mahojiano pamoja na tarehe na ridhaa yake ya maandishi, na palipo na jambo aliloomba lisichapishwe, liwekeeni alama ndani ya faili lenyewe, kwani atakayelifungua baada yenu hatakuwa ameyasikia maombi hayo.