Dawa ya kuzuia saratani isisambae
Dada, umeuliza kama ipo dawa ya kuzuia saratani ya titi ya mama isisambae. Ipo, kwa kiasi. Seli za saratani husafiri kwenye damu na limfu (majimaji yanayopita kwenye mishipa yake mwilini), kama magugu maji hapa ziwani: kipande kinakatika, kinachukuliwa na maji, kinaota ufukwe mwingine. Kama uvimbe wake unalishwa na homoni, dawa ya tamoksifeni baada ya upasuaji, kwa miaka 5 au zaidi, hupunguza sana hatari hiyo. Asiiache eti kwa sababu amepata nafuu! Dawa mpya ni ngumu kuzipima, maana majaribio mengi huangalia uvimbe kusinyaa, na dawa ya kuzuia safari ya seli huenda isiupunguze kabisa. Mkienda hospitali ya Bugando, ulizeni majibu ya kipimo cha homoni cha uvimbe wake, kinachoonyesha kama unalishwa na homoni.