Wanazungumza tu, raha iko wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Rafiki yangu haishi kunisifia tamthilia za Ayalandi za karne ya 20. Nilijaribu moja nikaiachia njiani: watu wameketi jikoni wanazungumza tu, kurasa kumi nzima, hakuna kinachotokea. Isitoshe, tamthilia si ni ya kutazamwa? Raha ya kuisoma iko wapi?

JIBU: Marahaba. Mimi nami nilikwama hapo hapo, maana nilikuwa nasoma mbiombio kama riwaya ya upelelezi. Kilichokuja kuninasa ni soksi.

Soksi yenyewe imo katika *Riders to the Sea* ya J. M. Synge, tamthilia ya tendo moja iliyochezwa Dublin mwaka 1904. Kisiwani, magharibi mwa Ayalandi, wasichana wawili wamepewa furushi la nguo za mtu aliyekufa maji na kuokotwa mbali huko Donegal. Je, ni za kaka yao? Mmoja wao, Nora, anahesabu mishono ya soksi. Alipoifuma alianza na mishono sitini, akaangusha minne. Basi, ni yeye. Bahari hatuioni hata mara moja, lakini hapo nilifunga kitabu. Baadaye mbao za jeneza zipo tayari, ila mama mtu kasahau misumari, yeye aliyekwisha kuzika wanawe kadhaa. Ukumbini neno hilo la misumari hupita upesi. Mimi nililirudia mara nne, na hakuna aliyeninyima.

Kwa hiyo matukio yapo, ila yamo ndani ya maneno. Mwaka 1907 watazamaji wa Abbey Theatre, ukumbi wa maigizo wa Dublin, walifanya fujo kwa ajili ya tamthilia nyingine ya Synge, na kati ya vilivyowachoma ni neno moja tu, la vazi la ndani la mwanamke!

Ukishazoea, chukua *Translations* ya Brian Friel, ya 1980. Mwaka 1833 askari wa Uingereza wanachora ramani na kuyageuza majina ya mahali ya Kiayalandi yawe ya Kiingereza. Mmoja wao anapendana na Maire, msichana wa kijijini, na hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Wanabembelezana kwa kutajiana majina ya vijiji. Kitabuni maneno ya wote wawili yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo ni wewe msomaji unayebeba kichwani lugha mbili zisizokutana.

Watakwambia uanze na Samuel Beckett, yule wa *Waiting for Godot*. Usiwasikilize, yeye atangoja. Anza na ile ya soksi, uisome kwa sauti, mlango umefungwa.