Sio kunyang'anywa kazi, ni nani atabeba lawama

Mkuu umeuliza kama sisi wa udaktari tunaogopa akili mnemba itatunyang'anya kazi, aisee kwetu hilo hata halizungumzwi sana, kinachotuumiza kichwa ni nani atabebeshwa lawama ikikosea. Chukua TB, tangu 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) imeruhusu programu ya akili mnemba isome eksirei ya kifua ya mtu wa miaka 15 na kuendelea badala ya daktari, na kwa sehemu ambazo hazina radiolojisti, yaani daktari bingwa wa kusoma picha kama hizo, mimi naona ni mkombozi kabisa, ila mashine inatoa alama tu ya uwezekano wa TB, sasa nani kaamua kwamba kuanzia alama fulani ndo mtu apimwe makohozi? Ukiishusha hiyo alama, foleni inajaa maabara, ukiipandisha mgonjwa anarudi home na TB yake anaambukiza watoto. Hapo ndo maadili yenyewe yalipo, sio kwenye maroboti.

Afu kuna hii ya simu. Usiku kabla ya raundi ya kupitia wagonjwa wodini mtu anapiga picha ukurasa wa faili anaitupia chatboti impangie historia ya mgonjwa vizuri, na jina liko pale juu, namba ya faili, hali ya VVU, kila kitu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya humo zinahesabiwa nyeti, mgonjwa kaulizwa kweli? Wenzangu wengine wanasema ukifuta jina inatosha, mimi nabisha, kijiji kidogo, ugonjwa adimu, weka umri na kazi tu mtu anajulikana.