Maswali ya wasomaji: Ilani ya usanifu ipimike kwa tepu

Barua nyingi za safari hii zimehusu ilani, yaani tamko ambalo msanifu au mbunifu hutoa kueleza atafanya kazi vipi na nini hatakikubali. Tumejibu nne.

Nasomea usanifu majengo hapa Kisumu. Mwalimu alitutaka tuandike ilani ya ukurasa mmoja. Yangu ilianza: "Naamini katika usanifu endelevu unaoheshimu mazingira na jamii." Akanirudishia karatasi ikiwa na neno moja tu pembeni: "Kwa hiyo?" Nianzie wapi upya?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Mwalimu wako ana haki. Sentensi hiyo haina wa kuipinga, na neno lisilo na mpinzani halimzuii mtu kufanya lolote. Hata anayejenga ghorofa la vioo vitupu vinavyotazama magharibi ataitia sahihi bila kusita. Jiulize hivi: mtu akija kwenye jengo lako na ilani mkono mmoja na tepu mkono wa pili, atapima nini?

Anza na jua, maana Kisumu ndilo linalotesa watu. Mji uko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua linapita utosini. Kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzitia kivuli; za mashariki na magharibi ni ngumu, kwa sababu jua linazipiga likiwa chini. Hesabu yake ni fupi. Mwezi Juni, jua linapokuwa kaskazini kabisa, sentimita 75 za paa lililotokeza nje zinafunika mita 1.2 za ukuta chini ya ukingo wake tangu saa nne kasoro asubuhi hadi saa kumi kasoro alasiri. (Saa zetu ziko mbele ya jua kwa dakika 40 hivi, mchana halisi Kisumu ni mnamo saa sita na dakika arobaini.) Desemba mambo ni yaleyale upande wa kusini. Kwa hiyo kivuli kinahitajika pande zote mbili. Ramani zinazonakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya hukosea hapo hapo: zinaweka kivuli kusini tu.

Sasa geukia magharibi. Mwezi Machi, saa kumi na dakika arobaini, paa lililotokeza mita nzima linafunika sentimita 60 hivi tu. Kulirefusha hakusaidii sana. Unahitaji baraza pana, ukuta wa matundu au miti. Basi andika hivi:

"Hatutafungua dirisha la chumba cha kulala upande wa magharibi isipokuwa nyuma ya baraza au ukuta wa matundu. Dirisha la mita 1.2 linalotazama kaskazini au kusini litakuwa na kivuli cha sentimita 75 au zaidi, kikianzia usawa wa lenta, boriti iliyo juu ya dirisha."

Hicho ni kifungu. Kina kitu, kina kipimo, na sababu yake inajulikana. Tafuta vingine vinne au vitano vya namna hiyo, kila kimoja kikitokana na tatizo uliloliona kwa macho: maji yanayosimama mlangoni, darasa lenye joto, ngazi isiyopandika kwa mzee. Vikizidi saba hakuna atakayevikumbuka. Weka tarehe, kwa sababu utakuja kuibadilisha.

Ukisoma ilani za zamani, jifunze umbo lake, si maagizo yake. Miaka ya 1920 msanifu Le Corbusier alitaja mambo matano: nguzo zinazoinua nyumba, bustani juu ya paa, vyumba visivyofungwa na kuta za kubeba, dirisha refu la mlalo, na uso wa nyumba ulio huru. Mpita njia angeweza kusimama nje na kuyahesabu. Lakini dirisha lile la mlalo likitazama magharibi mtaani Kondele, hapo Kisumu, chumba kinakuwa tanuri. Msanifu Mwitaliano Antonio Sant'Elia naye, katika ilani ya 1914, alidai kila kizazi kijijengee mji wake na nyumba zisidumu kuliko wenyewe. Leo wenye sauti wanasema kinyume. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wa Ufaransa, waliopata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2021, wanashikilia usibomoe kamwe. Ongeza, badilisha, tumia tena. Walipopewa uwanja mdogo wa Bordeaux waupambe, mwaka 1996, walijibu kwamba unatosha: ubadilishwe kokoto, usafishwe mara kwa mara, miti itunzwe. Ukitembea mbele ya maduka ya zamani ya Wahindi katikati ya Kisumu, yenye veranda juu ya njia ya miguu, una pa kuanzia kifungu kama hicho.

Ilani ya ofisi yetu ndogo inasema kila paa litokeze sentimita 60. Lakini wateja wote siku hizi wanataka paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Tuwafukuze?
*Mchoraji ramani, Bungoma*

Msiwafukuze, na msiifute ilani. Mteja aone michoro miwili ya uso wa nyumba kwa kipimo kimoja, kila mmoja na gharama zake kando. Paa la kufichwa linaongeza mistari ya matofali, plasta pande mbili, kifuniko cha juu ya ukuta, mfereji wa ndani na mabati ya kuziba maungio. Wengi hawajawahi kuonyeshwa orodha hiyo.

Mwambieni pia linaharibikia wapi. Mfereji wa ndani hutengenezwa mwembamba na bila mteremko. Majani yanauziba, na mvua ya mawe, ambayo huko kwenu si ngeni, inaujaza barafu kwa dakika chache. Maji yanapanda, yanapita chini ya mabati na kushuka kwenye silingi. Pili, fundi anabandika bati la kuzibia juu ya plasta kwa silikoni tu. Baada ya muda silikoni inaachia, na doa la kwanza linaonekana kwenye kona ya chumba. Tatu, juu ya ukuta pameachwa bapa, maji yanazama ndani na rangi inabanduka.

Akishikilia, kubalini kwa masharti yaliyoandikwa. Mfereji uwe na upana wa sentimita 30, mtu aweze kutia mguu akiusafisha, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Matundu mawili ya kutolea maji kwa kila mfereji, kila moja na bomba la milimita 100, hata kama moja lingetosha. Juu yake kuwe na tundu la dharura linalotoboa ukuta, sakafu yake ikiwa sentimita 5 chini ya ncha za mabati. Maji yakianza kutokea hapo, mwenye nyumba anajua mfereji umeziba kabla silingi haijamwambia. Bati la kuzibia liingizwe kwenye mfuo wa milimita 25 uliokatwa ukutani, kisha lizibwe kwa mota. Kifuniko cha ukuta kiinamie ndani. Na kila dirisha lipate kofia yake, kwa sababu paa halilikingi tena.

Masharti hayo yaingizeni ndani ya ilani kama kifungu. Tunaiamini zaidi ilani inayokiri palipo na mwanya na kuuwekea kipimo kuliko ile inayojifanya haina.

Tumeombwa kutia sahihi tamko la wasanifu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Lina faida gani kwa ofisi ya watu wanne?
*Msanifu, Nakuru*

Inategemea mtaandika nini chini ya sahihi. Tamko la Architects Declare lilianza Uingereza mwaka 2019, likaungwa mkono na washindi wa tuzo kubwa ya usanifu ya huko. Desemba 2020 ofisi mbili kubwa, Foster + Partners na Zaha Hadid Architects, zilijitoa baada ya mabishano kuhusu kazi za viwanja vya ndege. Tamko halikuwa limesema wazi ni kazi gani haziruhusiwi.

Ninyi semeni kwa tarakimu. Mfuko wa kilo 50 wa saruji isiyochanganywa umetoa takribani kilo 40 za kaboni dayoksaidi, na zaidi ya nusu yake inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, kwa hiyo kubadilisha kuni au makaa ya tanuri pekee hakumalizi. Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkeno inatoa pungufu ya hapo. Ahidini kuitumia kwa plasta na kujengea kuta. Nguzo, mihimili na slabu ziacheni kwa hesabu ya mhandisi. Kupunguza saruji kwenye nguzo ili kutimiza ilani ni kuua watu.

Maji nayo yaandikeni. Visima vingi vya Nakuru vina floridi inayochafua meno ya watoto, na mvua haina. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 1,000; toa moja ya tano inayopotea, zinabaki 800. Kifungu chenu kitaje ukubwa wa tangi kwa kila ukubwa wa paa, na bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi.

Mkitaka mfano wa karibu, angalieni Cave_bureau, ofisi ya usanifu ya Nairobi, ya Kabage Karanja na Stella Mutegi. Msimamo wao wanauonyesha kwa kupima na kuchora mapango, yakiwemo ya Shimoni, pwani ya Kenya, walikofungwa watumwa.

Mimi si msanifu majengo, nabuni mabango na vipeperushi. Tuko kikundi na tunataka kuchapa ilani nakala 200 kwa bei nafuu.
*Mbunifu, Nakuru*

Ilani zinawahusu ninyi pia. Ya mbunifu Ken Garland ya 1964, iliyotoka Uingereza ikiwa na sahihi 22, iliwataka wabunifu wapeleke ujuzi wao zaidi kwenye vitabu, alama za barabarani na vifaa vya kufundishia kuliko matangazo ya bidhaa ndogondogo. Ilihuishwa mwaka 2000 kwa sahihi 33. Kwenu, kifungu kimoja kizuri ni hiki: masharti ya bei hayatachapwa kwa herufi chini ya pointi 8.

Kuchapa: karatasi moja ya A3, upande mmoja tu, inakunjwa kuwa kijitabu cha kurasa 8 za ukubwa wa A6. Ilaze kwa upana, igawe safu nne kwa mistari miwili. Mstari wa chini, kutoka kushoto: ukurasa wa 6, 7, 8, 1. Wa juu, ukiwa umepinduliwa kichwa chini: 5, 4, 3, 2. Kata mkunjo wa katikati kwenye safu mbili za ndani tu, kisha, karatasi ikiwa imekunjwa kwa urefu na maandishi nje, sukuma ncha zikutane.

Tumieni karatasi ya gramu 80 hadi 100. Ikizidi 120 inavimba na wino unapasuka kwenye mkunjo. Acheni milimita 8 kila ukingo. Maandishi yawe meusi matupu, yasiwe mchanganyiko wa rangi nne, la sivyo herufi ndogo zitakuwa na kivuli. Na mwambieni mwenye mashine achape kwa asilimia 100: akiiacha mashine ipunguze ili iingie kwenye ukurasa, mikunjo haitaangukia kwenye mistari, na nakala zote 200 zitatoka zimepinda.