Kwa mnyama gani?

Maswali ya wasomaji, na Bi Mwalimu, Mombasa

Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Kuna kijana apita mitaani kwetu Kisauni auza vidonge vya NMN, chupa shilingi 7,800. Asema wanasayansi waliwapa panya wazee, wakarudi kukimbia kama vijana. Mamangu ana miaka 72 na ana presha. Tumnunulie?
Binti wa Kisauni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kijana huyo hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. NMN ni kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa NAD, na NAD ndiyo seli huitumia kupata nguvu kutokana na chakula. Umri ukienda, NAD hupungua katika viungo kadhaa, na panya waliopewa NMN wameonyesha nafuu katika mambo fulani. Kwa binadamu majaribio yamekuwa ya wiki au miezi michache, kwa watu wachache, na hakuna hata moja lililopima kama mtu ameongezewa maisha.

Nilifundisha bayolojia hapa Kisiwani miaka mingi. Mwanafunzi akija na habari ya gazetini, swali langu lilikuwa moja: kwa mnyama gani? Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa mnyoo wa milimita moja, jeni yake moja ikiwa na kasoro, huishi maradufu ya wenzake. Ajabu kubwa, sikatai. Lakini mnyoo huyo maisha yake ni wiki mbili tatu. Mwaka 2009 ikaja rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Panya walianza kupewa wakiwa na siku 600, yaani mabibi na mababu tayari, na bado umri wa juu ukapanda: majike kwa asilimia 14, madume 9. Dawa hiyohiyo hupewa waliopandikizwa figo, kwa sababu hupunguza kinga ya mwili ili figo ngeni isikataliwe. Basi fikiri: panya wa maabara hakai nyumba moja na wajukuu sita wenye mafua.

Shilingi 7,800 zitamnunulia mama dawa za presha za miezi mingapi? Hizo ukiniuliza kwa mnyama gani, nitakujibu kwa watu, maelfu kwa maelfu, na kiharusi kilipungua. Mimi mwenyewe niliwahi kuziacha mwaka mzima, eti sioni zinanisaidia nini, mpaka nikapata kizunguzungu kwenye mteremko wa feri ya Likoni. Muuza korosho ndiye aliyenidaka, korosho zake zikamwagika zote. Nilizilipa.

Mwalimu, nimesikia kuna panya wa Kenya asiyezeeka. Ni kweli ama ni porojo?
Kidato cha tatu, Changamwe

Huyo ni fuko asiye na manyoya, na swali lako limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu. Yuko chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukipanda treni ya Nairobi, nyika unayoiona dirishani ndiyo aina ya makao yake. Si mzuri wa sura: ngozi imekunjamana tangu utotoni, na meno yako nje ya midomo ili achimbe bila kula mchanga. Hustahimili dakika 18 bila oksijeni.

Panya wa nyumbani akitunzwa sana hufika miaka mitatu au minne. Fuko huyu amepita 30. Kwetu binadamu, tukishakuwa watu wazima, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila miaka 8 hivi. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichambua kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000, wakaona hatari hiyo haipandi. Ila “asiyezeeka” ni neno zito. Wenzao wengine walipinga kwamba mafuko wazee kabisa walikuwa wachache mno katika hesabu hiyo, na mwaka 2022 ikaonekana kuwa alama za kemikali juu ya DNA yake hubadilika kadiri umri unavyokwenda, kama zetu. Anazeeka, ila polepole mno, na bado haijulikani vizuri anafanyaje. Ukisomea bayolojia, kazi hiyo inakungoja.

Barazani kwetu Kibokoni tumebishana: mwenzetu asema babu yake aliishi miaka 140. Yawezekana?
Wanywa kahawa

Umri mkubwa zaidi wa binadamu uliothibitishwa kwa karatasi ni wa Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa: alizaliwa Februari 1875, akafa Agosti 1997, miaka 122. Miaka 140 mwachieni Mzee, yule kobe wa Haller Park pale Bamburi aliyefanya urafiki na kiboko Owen. Naye alikadiriwa 130 tu. Mwambieni mwenzenu alete cheti cha babu. Asipoleta, kahawa ya leo ni juu yake.