Maswali Yenu: Nyuzi za umeme na kovu la nyuma ya goti

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi nakaanga samaki Kirumba, karibu na Mwaloni. Miaka miwili iliyopita mwanangu, sasa ana miaka 7, alimwagikiwa mafuta ya moto nyuma ya goti. Kidonda kilipona, ila kovu limevuta, mguu haunyooki na anachechemea. Juzi kuna kijana kapita na pakiti. Anasema ndani mna nyuzi za nano zilizotengenezwa kwa umeme, ukibandika juu ya kovu ngozi mpya inaota. Anataka 120,000. Nimpe?
Mama wa Kirumba

JIBU: Usimpe, mama. Na pole sana, wewe na mtoto.

Sasa usije ukadhani hizo nyuzi ni hadithi. Zipo. Baba yangu alikuwa mshona nyavu hapo hapo Kirumba, na siku nilipoiona chuoni mashine ya kuzitengeneza hizo nyuzi nilimkumbuka yeye. Mashine yenyewe haina makuu: bomba la sindano limejazwa plastiki iliyoyeyushwa, nzito kama uji wa mgonjwa, na pampu inaisukuma taratibu mno. Mbele yake, kama sentimita 15 hivi, kuna bati lililofunikwa karatasi ya aluminiamu. Sindano inapewa umeme wa volti 15,000 au zaidi. Lile tone la mwisho wa sindano linavutika, linachongoka kama pia, halafu kwenye ncha unachomoka uzi unaocharazwa huku na huko hewani usiweze kuufuata kwa macho. Dawa ya kuyeyushia inakauka njiani. Baada ya dakika kadhaa bati limeota utando mweupe kama wa buibui, na ukiubandua ni laini kuliko karatasi ya chooni. Siku ya unyevunyevu kazi inaharibika, na mchanganyiko ukiwa mwepesi unapata shanga badala ya uzi. Ufundi huu ni wa zamani: Anton Formhals alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani mwaka 1934.

Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Uzi ule unaweza kuwa 300 tu, na hapo ndipo ulipo utamu wake, kwa sababu nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikilia seli za ngozi yetu nazo ni za unene wa namna hiyo. Seli ikikuta utando ule inajishika, inatambaa, inazaana, na inaanza kusuka kolajeni yake yenyewe. Utando unayeyuka polepole mwilini. Marekani kuna mmoja unaouzwa kwa ajili ya vidonda sugu, Restrata, na umetengenezwa kwa plastiki za jamii ile ile ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe.

Bado utando huo una kasoro ambayo baba angeiona kabla ya profesa: jicho la wavu. Nyuzi zikiwa nyembamba hivyo zinalaliana, matundu yanakuwa madogo kuliko seli, na seli zinabaki kuzurura juu juu badala ya kuingia ndani. Watafiti wanahangaika na jambo hilo mpaka leo.

Tuje kwa mwanao. Utando huo ni jukwaa la kujengea, unahitaji kidonda kilicho wazi na kisafi, chenye damu inayofika. Kovu la miaka miwili limeshafungwa. Ukibandika juu yake ni sawa na kutandaza wavu juu ya sakafu ya saruji ukingoje samaki.

Goti lililovutwa na kovu lina matibabu yake, ya kawaida kabisa: daktari wa upasuaji anakata kovu linalovuta, mguu unanyooshwa, pengo linazibwa kwa ngozi, mara nyingi ya paja lake mwenyewe, kisha banzi la kushikilia goti na mazoezi ya viungo kwa miezi. Usipuuze mazoezi, bila hayo kovu linarudi kuvuta. Na usingoje akue kwanza: mfupa unarefuka, kovu halirefuki naye. Mpeleke hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, uulizie kliniki ya upasuaji. Ile 120,000 iweke nauli na chakula, mtakwenda mara nyingi.

SWALI: Nasikia Brazil wanatibu walioungua kwa ngozi ya sato. Sisi huku Igombe tunazitupa!
Mvuvi

JIBU: Ni kweli kaka, madaktari wa Fortaleza wameitumia, na samaki ni huyu huyu sato wetu. Ngozi yake ina kolajeni nyingi, inashika kidonda vizuri, na bandeji haibadilishwi kila siku. Lakini ile husafishwa, huwekwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi ya kuua vijidudu kabla haijamgusa mtu. Yako imetoka kwenye mtumbwi, ina magamba na bakteria wa ziwa. Aliyeungua mmwagie maji safi ya bomba dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mkimbize hospitali.